Baba kapimwa sukari 6.3 akiwa hajala, na nyumbani tunakula sinia moja. Tuanzie wapi?

BintiTanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Naomba mwongozo wa wanaoijua vizuri hali hii ya kabla ya kisukari. Baba ana miaka 54, ni dereva wa daladala hapa Tanga. Alipimwa maabara asubuhi akiwa hajala, sukari ikatoka 6.3. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ni asilimia 6.1. Urefu sentimita 170, uzito kilo 89, kiuno sentimita 104, presha 138 kwa 86. Bibi mzaa baba alikuwa na kisukari. Daktari amesema bado si mgonjwa ila yuko mlangoni. Hakumpa dawa. Amemwambia apunguze wanga, apunguze uzito, atembee, na arudi baada ya miezi mitatu.

Ulaji wake uko hivi. Saa kumi na moja alfajiri chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, na vitumbua vinne au mahamri matatu. Mchana anakula kwa mama lishe, wali au ugali kwa samaki, na soda ya nusu lita. Usiku saa tatu tunakula wote watu sita kwenye sinia moja: wali wa nazi au ugali, mchuzi, mchicha kidogo. Saa nne keshalala.

Ninachotaka kujua: "kupunguza wanga" ni kiasi gani kwa kipimo cha jikoni? Tumpikie chakula chake peke yake au tubadilishe cha nyumba nzima? Mtu anayeshinda kwenye usukani afanye mazoezi saa ngapi? Na je, ninunue mashine ya kupimia sukari?

Mlo_Kamili

Marahaba binti yangu. Umeleta vipimo na ratiba, kwa hiyo tunaweza kuongea kwa namba.

Anza na sukari ya kunywa, maana hiyo haigusi sinia la mtu. Soda ya kawaida ya nusu lita ina takribani gramu 50 za sukari. Kijiko cha chai kilichojaa mlima kina gramu 6 hivi, vitatu ni 18. Mzee anameza karibu gramu 70 za sukari tupu kabla hujahesabu kitumbua hata kimoja. Soda aiache moja kwa moja, anywe maji, na akitaka ladha akamulie ndimu. Chai apunguze nusu kijiko kila wiki. Anayekata vijiko vyote siku moja mara nyingi anavirudia kabla mwezi haujaisha, lakini anayeshuka taratibu ulimi unamfuata, na baada ya wiki sita anaona chai ya zamani ni tamu kupita kiasi. Asali na sukari guru zihesabu kama sukari. Juisi ya miwa au ya embe isichukue nafasi ya soda: tunda likisagwa na kuchujwa, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari yote inaingia kwenye glasi. Embe lenyewe ale, nusu kwa wakati mmoja, alitafune.

Sasa kipimo cha wanga. Kwa umri na kazi yake anzeni na gramu 45 hadi 50 kwa mlo. Tafuta kikombe cha mililita 250, hicho ndicho mzani wako. Ugali: nusu kikombe cha unga mkavu uliosawazishwa, kama gramu 60, ukisongwa unatoa bonge la ukubwa wa ngumi yake. Wali: theluthi ya kikombe cha mchele mbichi, ukiiva unakaribia kikombe kimoja. Chapati: moja, kwa sababu chapati ya kawaida inabeba gramu 70 za unga, tena na mafuta. Muhogo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa unaonekana chakula chepesi cha shamba. Gramu 100 za muhogo zina wanga wa gramu 35 na ushee, karibu mara mbili ya kiazi kitamu cha uzito uleule. Na kiazi kitamu kichemsheni. Cha kuchoma kinapandisha sukari haraka zaidi.

Hivyo vyote anachagua kimoja. Kwa watu wa pwani kosa kubwa ni kukusanya: wali, chapati na ndizi kwenye mlo mmoja, kila kimoja "kidogo".

Ukipunguza wanga na usijaze ile nafasi, atarudi jikoni saa nne usiku kutafuta mkate. Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki, dagaa, maharage au kuku, robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali. Umeandika "mchicha kidogo" na hapo ndipo pana pengo. Majani yananywea yakiiva. Ukitaka kila mmoja wenu sita apate kikombe kizima kilichoiva, unahitaji karibu kilo moja na nusu ya majani mabichi, na hayo ni mafungu mengi kuliko mnayonunua sasa. Changanya mchicha, matembele, kabichi, bamia na nyanya chungu ili gharama isiwaelemee.

Asubuhi, tumieni chakula cha hapohapo Tanga: mbaazi. Wengi wanakula mahamri matatu na mbaazi za kuchovyea. Geuzeni: kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva na hamri moja. Kikombe hicho kina wanga, ndiyo, lakini kina pia nyuzinyuzi kama gramu 11 na protini kiasi hichohicho, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Siku nyingine mayai mawili na kachumbari na kipande kimoja cha mkate au cha muhogo wa kuchemsha. Vitumbua ni unga wa mchele, sukari na mafuta ya kukaangia. Viwe vya siku moja moja, viwili.

Kuhusu sinia. Msimpikie chakula chake. Mzazi akiwa katika hali hii, watoto wake nao wana hatari kubwa kuliko watu wengine, kwa hiyo chakula kinachomfaa yeye kinawafaa nyinyi. Shida ya sinia ni kwamba hakuna anayeona amekula kiasi gani, na mkono unaanzia kwenye wali. Mpakulie jikoni kwenye sahani yake, kwa vipimo nilivyotaja, kisha aje aketi mkekani na wengine kama kawaida. Aanze na mboga na samaki, wali aumalizie mwisho. Mpangilio huo peke yake unapunguza kupanda kwa sukari baada ya kula, hata kama kiasi hakikubadilika.

Nazi haipandishi sukari, ila ina mafuta mengi, na yeye anahitaji kupungua uzito. Mchuzi na mboga mpikie kwa tui la pili. La kwanza libaki la siku ya wageni.

Maabara_Kwanza

Naongezea upande wa vipimo, maana hapa watu wanachanganyikiwa sana.

Akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi, 7.0 kwenda juu ni kisukari. Chini yake kuna mipaka miwili inayotumika duniani. Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu hali ya kabla ya kisukari kwenye 6.1, Wamarekani wanaanzia 5.6. Ndiyo maana maabara mbili za mji mmoja zinaweza kuandika maneno tofauti kwenye karatasi ya mtu mwenye 5.8. Baba yako mwenye 6.3 anaingia kwa mipaka yote miwili. Kwa HbA1c, Wamarekani wanahesabu 5.7 hadi 6.4, na 6.5 ni kisukari. Akiletewa majibu yenye namba kama 113, hiyo imeandikwa kwa miligramu (mg/dL) badala ya milimoli (mmol/L). Gawanya kwa 18 utapata 6.3 ileile.

HbA1c inaangalia sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu kwa miezi miwili hadi mitatu. Chembe zikifa mapema, namba inatoka chini kuliko ukweli: aliyetoka kuugua malaria kali, aliyeongezewa damu, mwenye selimundu. Upungufu wa madini chuma unaipandisha bila sukari kupanda. Ukanda wetu una wengi wanaobeba kinasaba cha selimundu bila kujua, na baadhi ya mashine zinakosea kwa damu yao. Kwa mzee vipimo viwili vinakubaliana, kwa hiyo sina wasiwasi. Vikipingana, ombeni kipimo cha kunywa glukosi: gramu 75 kwenye maji, damu inapimwa baada ya saa mbili. Kati ya 7.8 na 11.0 ni hali ya kabla ya kisukari, 11.1 ni kisukari. Siku tatu kabla ya kipimo hicho asijinyime wanga. Aliyekuwa anajinyima anaweza kutoka na namba kubwa kuliko hali yake halisi, kwa sababu kongosho limezoea kazi ndogo.

Jambo moja la kuuliza mnapotoa damu: tyubu ya sukari iwe ya kifuniko cha kijivu, au damu itenganishwe mapema. Chembe hai zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu, na damu iliyokaa kwenye joto inashuka karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu mwenye 6.3 anaweza kuambiwa yuko salama kwa sababu tyubu ilikaa mezani hadi adhuhuri.

Mashine ya nyumbani si lazima katika hatua hii. Inaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15, yaani 6.3 ya kweli inaweza kusomeka popote kati ya 5.4 na 7.2. Kwa hiyo haitumiki kuthibitisha wala kukanusha ugonjwa. Faida yake ni moja: kulinganisha vyakula. Mkinunua, mpimeni kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, siku ya wali na siku ya ugali, kwa kiasi kilekile, kisha muiweke kabatini. Anawe mikono kwa maji na sabuni na aikaushe. Aliyemenya embe asipime kabla ya kunawa, tone la damu litabeba sukari ya embe. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kopo lake lililofungwa. Unyevu wa pwani unaviharibu, na ndani ya gari lililoanikwa juani ni mahali pabaya kuliko pote.

Mkuu_Makorora

Ndugu, mnazunguka sana. Tatizo ni wanga, basi aondoe wanga. Chini ya gramu 50 kwa siku, samaki, mayai, mboga, parachichi. Ndani ya wiki mbili sukari ya asubuhi inashuka.

Muuguzi_wa_Kliniki

Mkuu, inashuka kweli, sibishi, na wapo wanaoweza kuishi hivyo. Tazama lakini nani anaulizwa: dereva, nyumba ya watu sita, bajeti ya dagaa na mchicha. Samaki na mayai ya kumshibisha mtu wa kilo 89 bila wali ni pesa nyingi kila siku, na siku pesa ikikosekana anarudi kwenye wali uleule wa mwanzo.

Isitoshe, ushahidi wa kuzuia kisukari tulionao haukutokana na kufuta wanga. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulikuwa na watu 3,234 wenye hali kama ya mzee. Kundi la mtindo wa maisha lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na dakika 150 za mwendo kwa wiki. Walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, asilimia 31. Ufini walipata asilimia 58 hiyohiyo kwa watu 522. Wachina wa Da Qing walianza mwaka 1986, na walipofuatiliwa kwa miaka 30, waliobadili ulaji na mazoezi walichelewa kuugua kwa karibu miaka minne na walipata magonjwa ya moyo na kiharusi kidogo kuliko wenzao.

Binti, iweke hivi kichwani. Namba ya asubuhi kabla ya kula inatoka zaidi kwenye ini. Usiku ini linaachia sukari ili mwili usikose, na insulini, homoni ya kongosho, ndiyo inayoliambia lipunguze. Ini lililojaa mafuta halisikii, linaendelea kumwaga. Kwa hiyo 6.3 ya alfajiri haishuki kwa kubadilisha chakula cha usiku mmoja, inashuka kilo zinapopungua, hasa za tumbo. Namba ya baada ya kula ndiyo inayotegemea sahani na misuli. Familia nyingi zinakata tamaa wiki ya pili kwa sababu zinatazama namba ya asubuhi peke yake, wakati ile ya baada ya kula imeshaanza kutulia.

Asilimia 7 ya kilo 89 ni kilo 6 na kidogo. Lengo lenu ni 83, kwa mwendo wa karibu nusu kilo kwa wiki, kwa hiyo mtafika au kukaribia katika ile miezi mitatu. Katika utafiti ule wa Marekani kila kilo iliyopungua iliambatana na hatari kushuka kwa asilimia 16, ndiyo maana hata akiishia kilo 4 si kazi bure. Apimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi akishatoka chooni. Kiuno kipimeni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi, tepi isibane. Kwa mwanaume 94 kwenda juu ni hatari. Kwa urefu wake, akishuka taratibu kuelekea 90 mtaona na presha inafuata.

Kuhusu kulala: saa nne hadi saa kumi usiku ni saa sita, pungufu. Usingizi mfupi unafanya mwili uwe mgumu kwa insulini na unaongeza njaa ya vitu vitamu. Chakula cha usiku kikisogezwa hadi kabla ya saa mbili itasaidia sana. Na muulizeni mama kama mzee anakoroma na pumzi kukatika katika usingizi. Kwa dereva mwenye kiuno hicho hilo linahitaji daktari, kwa usalama wake na wa abiria.

Kocha_wa_Pwani

Mazoezi ya dereva nayagawa kwa vipande, asitafute saa nzima ambayo hana.

Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Kwa hiyo kipande chenye thamani kuliko vyote ni kutembea baada ya kula. Akimaliza chakula cha mchana, kabla ya zamu yake kufika kwenye foleni ya kituo, azunguke stendi dakika 10. Usiku, dakika 15 mtaani baada ya kula, ndani ya nusu saa, asisubiri tumbo litulie. Hizo ni dakika 25 kwa siku, 175 kwa wiki, ameshavuka 150. Mwendo uwe wa kuweza kuongea ila asiweze kuimba. Kutembea kama anayetazama bidhaa sokoni hakuhesabiki.

Kila gari linapofika mwisho wa njia ashuke, dakika mbili tatu. Kukaa saa nne mfululizo kunapunguza faida ya matembezi.

Siku mbili au tatu kwa wiki aongeze misuli, nyumbani, bila kifaa. Akae na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10 hadi 12. Ajisukume ukutani, idadi hiyohiyo, na akizoea ashuke kwenye ukingo wa meza imara. Atembee uani na ndoo ya lita 10 kila mkono. Mizunguko mitatu, dakika 15 zinatosha. Asizuie pumzi anapoinua, kwa presha yake ile 138 inaweza kuruka. Atoe pumzi anapoinuka.

Faida ya zoezi moja kwenye insulini inakaa siku moja hadi mbili. Kanuni ya kumkumbusha ni moja: asiruke siku mbili mfululizo. Anayekimbia Jumapili tu na kukaa siku sita anaanza upya kila wiki. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana isivyo kawaida: asimame, aende hospitali.

BintiTanga

Ahsanteni sana wakubwa zangu, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nimebakiwa na mambo manne. Shangazi ameleta unga wa mlonge na anasema usichanganywe na ushauri wa hospitali. Je, ugali wa dona anaweza kula zaidi ya wa sembe? Saa nne asubuhi njaa inamshika akiwa barabarani, anaishia kununua karanga za kupaka sukari au mandazi. Na Ramadhani ikifika tufanyeje, maana futari ya nyumbani kwetu ni kubwa?

Muuguzi_wa_Kliniki

Mlonge kama mboga ni mzuri, upikeni kama mchicha. Unga kama dawa ni jambo lingine: hujui umevunwa wapi, umechanganywa na nini, na dozi yake haijapimwa kwa mtu kama baba. Kinachoniogopesha zaidi ni hayo maneno ya kuacha ushauri wa hospitali. Mwambieni shangazi kwa heshima kwamba majani yatatumika jikoni na miadi ya daktari iko palepale. Akiwa ameshaanza kunywa unga, daktari aambiwe, asifichwe.

Njaa ya saa nne inatokana na kifungua kinywa cha saa kumi na moja kilichokuwa sukari na unga mweupe. Akila mbaazi au mayai itapungua, pengine iishe kabisa. Awe na akiba kwenye gari: karanga za kuchoma zisizo na sukari, kiasi cha kiganja kilichokunjwa, au yai la kuchemsha, au chungwa moja. Karanga zisiwe pakiti nzima, zina mafuta mengi na kilo hazitashuka.

Metformin kwa sasa si ya lazima kwake. Inafikiriwa zaidi kwa mwenye unene mkubwa, uwiano wa uzito na urefu wa 35 kwenda juu (yeye yuko kwenye 31 hivi), kwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba, au namba zinapoendelea kupanda licha ya juhudi. Asipewe vidonge vya jirani mwenye kisukari. Baadhi ya dawa hizo hushusha sukari hadi mtu akazimia, na huyu anaendesha gari la abiria.

Akiwahi kuandikiwa prednisolone au deksamethasone kwa pumu au maumivu ya mgongo, amwambie daktari hali yake ya sukari, dawa hizo huipandisha sana.

Mlo_Kamili

Dona ni bora kwa sababu kiini na pumba vimebaki, una nyuzinyuzi na madini zaidi. Lakini umesagwa laini, na unga laini unameng'enywa haraka. Tofauti yake na sembe kwenye sukari ya damu ni ndogo kuliko watu wanavyosema mitaani, kwa hiyo kipimo ni kilekile, nusu kikombe. Mkipenda kuubadilisha, changanyeni unga wa mtama au ulezi. Kiasi kisiongezeke hata hapo. Uji ndio wa kuangalia zaidi ya ugali. Ni unga uleule, maji mengi, sukari juu, na unanyweka vikombe viwili bila mtu kuhisi ameshiba. Hata ule unaoitwa uji wa lishe.

Ramadhani: kwa mtu ambaye hatumii dawa za kushusha sukari, kufunga kwa kawaida kunawezekana, na kunaweza hata kupunguza uzito. Kinachoharibu ni futari. Hesabu yenu wenyewe: tende, uji wa sukari, viazi vitamu vya nazi, mihogo, tambi za sukari, kaimati kwenye shira. Hizo ni aina sita za wanga na sukari kwa mkao mmoja, baada ya saa 13 za tumbo tupu. Afungue kwa tende moja hadi tatu ndogo na maji, akaswali Magharibi. Kisha supu ya kunde au ya samaki, mboga, na wanga mmoja tu aliouchagua. Leo viazi, kesho tambi zisizo na sukari. Kaimati mbili siku ya Ijumaa hazitamharibia, bakuli zima kila jioni litamharibia. Daku aisogeze karibu na alfajiri, iwe na mayai au maharage, ili asishinde na njaa. Tarawehe inahesabika kama mwendo mwepesi, ila matembezi ya baada ya futari yabaki.

Kwa harusi na maulidi fanyeni hivyohivyo: kachumbari na nyama kwanza, pilau kijiko kimoja cha kupakulia, soda aiache mezani.

Maabara_Kwanza

Kwa miadi ya miezi mitatu: ombeni sukari ya kabla ya kula na HbA1c kwenye maabara ileile ya mwanzo, kwa mashine ileile, vinginevyo mtakuwa mnalinganisha mashine badala ya kumlinganisha baba. Ongezeni mafuta ya damu na figo kama havikupimwa. Chakula cha mwisho kisizidi saa mbili usiku, asubuhi anywe maji tu, chai hata isiyo na sukari asubiri. Afike mapema, asiwe ametoka zamu ya alfajiri, na asiwe amelala kwa muda wa saa tatu tu.

HbA1c ikishuka kwa 0.2 au 0.3 ni maendeleo ya kweli, msitarajie 5.0. Ikibaki 6.1 lakini kiuno na kilo vimeshuka, endeleeni, pimeni tena baada ya miezi mingine mitatu. Ikigusa 6.5, au ya kabla ya kula ikigusa 7.0, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwandika mgonjwa. Ikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha. Akianza kukojoa sana usiku, kiu isiyokatika, au kupungua uzito kwa kasi bila kujitahidi, asisubiri tarehe, aje siku hiyohiyo. Na kama wiki za karibuni ameugua malaria kali au ameongezewa damu, mwambieni mtu wa maabara kabla sindano haijaingia, ili HbA1c isubiri na sukari ya kabla ya kula ndiyo itumike.